John Wesley Powell

John Wesley Powell (24 Machi 1834 – 23 Septemba 1902) alikuwa mwanajiolojia, mwanajeshi, mpelelezi na mtaalamu wa lugha za Waindio kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kuongoza msafara wa mwaka 1869 ulioteremka mito Green na Colorado kwa mashua, ukapita ndani ya Grand Canyon, eneo ambalo hadi wakati huo ramani za Marekani ziliacha tupu. Safari hiyo aliiongoza akiwa na mkono mmoja, maana mkono wa kulia aliupoteza vitani. Baadaye alikuwa mkurugenzi wa pili wa Idara ya Jiolojia ya Marekani na mwanzilishi wa ofisi ya serikali iliyotafiti mila na lugha za wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini.

Utoto na elimu

Powell alizaliwa Mount Morris katika jimbo la New York. Baba yake, Joseph Powell, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti aliyehamia Marekani kutoka Uingereza pamoja na mke wake Mary Dean. Familia ilihamahama kuelekea magharibi: kwanza Jackson huko Ohio mwaka 1838, kisha Wisconsin, hatimaye Illinois.

Huko Jackson baba alipinga utumwa waziwazi, na majirani wengi hawakupendezwa. Watoto wenzake shuleni walimpiga Wesley mawe kwa sababu hiyo, hata wazazi wakaona afadhali afundishwe na jirani, mkulima George Crookham. Crookham alikuwa mpinzani wa utumwa aliyejisomea mwenyewe na kukusanya mawe, mimea na mifupa nyumbani kwake. Kwa mzee huyo kijana alijifunza kuisoma ardhi kwa kuikanyaga.

Alisoma katika vyuo vitatu, Illinois College, chuo cha Wheaton na Oberlin, lakini hakuhitimu hata kimoja. Kati ya vipindi vya masomo alifundisha shule ili apate fedha, na wakati wa likizo alisafiri kwa mashua ya makasia. Mwaka 1856 aliteremka mto Mississippi kutoka maporomoko ya St. Anthony, Minnesota, hadi baharini. Mwaka uliofuata aliteremka mto Ohio kuanzia Pittsburgh. Mito hiyo ni mipana na mingi ya sehemu zake ni tulivu. Ilimfundisha kukaa majini siku nyingi na kukusanya konokono na visukuku kandokando, lakini haikumfundisha lolote juu ya maji yanayoporomoka kati ya miamba.

Vita na mkono wa kulia

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza mwaka 1861, Powell alijiandikisha katika kikosi cha 20 cha askari wa miguu wa Illinois. Mwezi Novemba mwaka huo alimwoa binamu yake Emma Dean. Muda si mrefu akapewa cheo cha kapteni wa kikosi cha mizinga.

Tarehe 6 Aprili 1862, katika mapigano ya Shiloh jimboni Tennessee, aliinua mkono wa kulia kutoa ishara ya kufyatua mizinga, na risasi ikauvunja. Madaktari waliukata chini ya kiwiko. Alirudi kazini, akashiriki katika kuuzingira mji wa Vicksburg, na mwisho wa vita alikuwa na cheo cha meja. Tangu hapo watu wote walimwita Meja. Mishipa iliyokatwa haikupona sawasawa, na maumivu yalimsumbua maisha yake yote.

Profesa na milima

Mwaka 1865 alianza kufundisha jiolojia katika chuo cha Illinois Wesleyan mjini Bloomington, kisha akawa pia msimamizi wa makumbusho ya chama cha elimu ya viumbe cha jimbo hilo. Kiangazi cha 1867 aliwapeleka wanafunzi na marafiki kwenye Milima ya Rocky, ambako walipanda Pikes Peak. Emma alikuwa mmoja wa waliofika kileleni. Mwaka 1868 alirudi, na mwezi Agosti yeye na wenzake wakawa watu wa kwanza ambao kufika kwao juu ya Longs Peak kumeandikwa.

Majira ya baridi ya 1868–1869 aliyakaa katika bonde la mto White, Colorado, jirani na kambi ya Waute. Alijifunza maneno ya lugha yao, akabadilishana nao vitu na kuandika hadithi zao. Wakati huohuo alikuwa akitembea kwenye kingo za mto Green na kuyachungulia makorongo kutoka juu. Humo ndimo mpango wa safari ulimokomaa.

Maandalizi ya safari ya mwaka 1869

Kilichokuwa kikijulikana juu ya mto Colorado kilikuwa kidogo na hakikutia moyo. Mfanyabiashara wa ngozi William Ashley aliwahi kuteremka sehemu ya mto Green mwaka 1825. Luteni Joseph Ives alipanda mto kutoka upande wa bahari kwa merikebu ndogo ya mvuke miaka ya 1857–1858, akakwama, akaandika kwamba nchi ile haina faida. Mwaka 1867 mtu mmoja, James White, aliokotwa karibu na makazi ya Callville akiwa juu ya chelezo, amedhoofika kwa njaa na jua. Wengine walidai alipitia Grand Canyon nzima, lakini wanahistoria wengi hawaamini. Kati ya sehemu hizo zilizoguswa kulikuwa na mamia ya kilomita ambazo hakuna aliyeweza kuzieleza. Walikuwepo watu waliosema kwamba mto unazama chini ya ardhi, au kwamba una maporomoko makubwa ambayo mashua yoyote ingevunjikia.

Powell alifikiri tofauti. Kutoka kituo cha reli cha Green River huko Wyoming hadi mdomo wa mto Virgin, mto ulikuwa na kazi ya kushuka zaidi ya mita 1,500. Swali lilikuwa kama unashuka kidogo kidogo au kwa ghafla. Yeye alihoji kwamba mto wenye mchanga na tope jingi namna ile umekuwa ukiukwangua mwamba kwa miaka isiyohesabika, kwa hiyo vizingiti vikubwa vya wima vingekuwa vimeshasagwa. Kwa ujumla alikuwa sahihi. Hakuna poromoko kubwa la wima katika njia ile yote. Sehemu nyingi za maji ya kasi katika makorongo hayo zipo pale ambapo kijito cha pembeni hufurika na kusukuma mawe makubwa mtoni: mto hubanwa, huinuka nyuma ya mawe, kisha hukimbia kwa nguvu kupita juu yake. Kwa mashua ya mbao hatari hiyo yatosha.

Fedha zilikuwa chache. Bunge la Marekani liliruhusu jeshi kumpa posho ya chakula kutoka ngome za magharibi, taasisi ya Smithsonian ilimwazima vifaa vya kupimia, vyuo vya Illinois vilichangia kiasi, na makampuni ya reli yalisafirisha watu na mizigo bila malipo. Reli ndiyo iliyoiwezesha safari yenyewe. Njia ya kuvuka bara zima ilikamilika tarehe 10 Mei 1869, na wiki mbili tu baadaye Powell alikuwa ameshusha mashua zake mtoni, mahali ambapo reli hiyo inavuka mto Green.

Mashua zilikuwa nne, zilizoundwa Chicago. Tatu zilikuwa za mbao za mwaloni, kila moja na urefu wa mita 6.4: Kitty Clyde's Sister, Maid of the Cañon na No Name. Ya nne, Emma Dean, ilikuwa ya msonobari, nyepesi, urefu wa mita 4.9, hiyo ilitangulia mbele kuchungulia njia. Zile kubwa zilikuwa na vyumba vilivyofunikwa omo na tezi ili zisizame hata zikijaa maji katikati.

Ubora wa mashua hizo umejadiliwa sana. Zilikuwa imara, lakini zilifaa zaidi ziwani au bandarini. Zilikuwa nzito mno kubebwa juu ya mawe, zilikuwa na mkuku ulionyooka uliozifanya zishike njia moja na kukataa kugeuka, na wapiga makasia walikaa kwa desturi ya kawaida, wakiupa mgongo upande wanakokwenda. Katika maji tulivu haidhuru. Katika maji yanayokimbia kati ya mawe, maana yake ni kwamba mwenye makasia haoni jiwe mpaka amelifikia. Ilipita karibu miaka thelathini kabla Nathaniel Galloway hajaonyesha kwamba mashua nyepesi yenye kitako bapa, huku mpiga makasia akitazama anakokwenda na kuvuta kinyume ili kupunguza mwendo, hupita mahali ambapo mashua za Powell zilibidi kushushwa kwa kamba.

Chakula kilikuwa cha miezi kumi: unga, nyama ya nguruwe ya chumvi, maharagwe, matofaa makavu, kahawa na sukari. Powell alitarajia kusimama mara kwa mara kwa ajili ya vipimo, na kama barafu ingewakuta wangejenga kibanda na kungoja. Walibeba pia risasi nyingi na mitego, maana walidhani watapata wanyama wa kuwinda. Mizigo iligawanywa kati ya mashua tatu kubwa ili kupotea kwa moja kusiwamalize. Jaketi la kuelea lilikuwa moja tu, la Powell mwenyewe, kwa kuwa ndiye asiyeweza kuogelea kwa mikono miwili.

Wenzake walikuwa tisa. Walter Powell, mdogo wake, alikuwa amefungwa katika kambi ya mateka wakati wa vita na hakurudi akiwa mtu yuleyule. Jack Sumner na William Dunn walikuwa wawindaji wa milimani. Oramel Howland alikuwa mchapaji wa gazeti huko Denver, na mdogo wake Seneca alikuwa askari wa zamani. George Bradley alikuwa sajini wa jeshi aliyekubali kuja kwa sharti kwamba Powell amtafutie ruhusa ya kuachishwa jeshini. Billy Hawkins alikuwa mpishi, Andy Hall kijana wa chini ya miaka ishirini, na Frank Goodman Mwingereza aliyejitokeza akitaka kuona mambo. Karibu wote walikuwa wamezoea shida za vita na porini. Hakuna aliyekuwa amewahi kuteremka mto wa namna ile.

Kuteremka mto

Walisukuma mashua mnamo saa saba mchana wa tarehe 24 Mei 1869. Utaratibu ulikuwa huu: Powell katika Emma Dean hutangulia, akisikia ngurumo ya maji husimama, hupanda juu ya mwamba na kutazama. Kama panapitika, huwapungia wengine bendera wafuate. Kama hapapitiki, mashua hushushwa kwa kamba kandokando ya ukingo, au mizigo yote hubebwa begani na mashua kuburutwa juu ya mawe. Kazi ya kamba ndiyo iliyowachosha zaidi. Kuna siku walizomaliza bila kusogea hata kilomita mbili.

Mapema mwezi Juni, ndani ya korongo la Lodore, mashua No Name iliyochukua ndugu wawili Howland na Goodman haikufika ukingoni kwa wakati. Ama hawakuiona ishara, ama waliiona wakachelewa. Jambo hilo lilibishaniwa baadaye. Mashua iligonga jiwe, ikajaa maji, ikavunjika vipande viwili. Watu watatu waliokolewa kwenye kisiwa katikati ya mto, lakini karibu theluthi ya chakula ilikwenda, pamoja na nguo na bunduki. Ikagundulika pia kwamba ule mpango wa kugawa vifaa ulikuwa na tundu: barometa zote zilikuwa katika mashua hiyo moja. Bila barometa hakuna kupima kimo, na bila kimo safari ya kisayansi ingekuwa matembezi tu. Kesho yake Sumner na Hall walikifikia kipande cha mashua kilichokwama chini zaidi, wakarudi na barometa, na pamoja nazo kasiki dogo la wiski ambalo watu walikuwa wamelificha Meja asijue. Mahali hapo waliita Disaster Falls.

Siku chache baadaye moto wa jikoni ulishika vichaka vya kambi, wakakimbilia mashua huku nguo zikiungua, na vyombo vingi vya kupikia vikapotea. Walipofika kwenye makazi ya Wauinta mwanzoni mwa Julai, Goodman aliona yatosha, akaaga. Wakati huo magazeti ya mashariki yalikuwa yamechapisha habari za mlaghai aliyedai kwamba msafara wote umezama na yeye ndiye pekee aliyepona. Emma Powell alizikanusha, akionyesha kwamba tarehe zake hazilingani na barua alizopata kutoka kwa mumewe.

Katikati ya Julai walifika pale Green unapokutana na mto uliokuwa ukiitwa Grand, na kutoka hapo Colorado wenyewe. Mara wakaingia katika korongo walilolipa jina Cataract kwa wingi wa maporomoko yake. Chakula kilikuwa kimeanza kuharibika. Unga ulilowa na kukauka mara nyingi hata ukawa na madonge na uvundo, wakauchunga kwa kitambaa cha chandarua. Nyama ilioza, ikatupwa. Wanyama wa kuwinda walikuwa adimu ndani ya kuta za mawe. Bradley, aliyeandika shajara kwa siri, alilalamika hasa juu ya Meja kusimama kupima nyota na miamba huku matumbo ya watu yakiwa matupu. Kwa Powell vipimo ndivyo vilivyokuwa sababu ya safari. Kwa wengine, ambao baadhi yao walitumaini kupata manyoya au dhahabu na hawakupata, kila siku ya kusimama ilikuwa siku ya unga kupungua.

Tarehe 13 Agosti, wakiwa na chakula kisichotosha mwezi mmoja, waliingia katika Grand Canyon kutoka mdomo wa Little Colorado. Kuta zilipanda zaidi ya kilomita moja juu yao. Pale ambapo mto unapita kati ya miamba migumu na myeusi hapakuwa hata na ukingo wa kusimama na kamba, basi wakalazimika kupita katikati ya mawimbi, watake wasitake. Mvua za kiangazi ziliwanyeshea bila hema wala nguo za kubadilisha. Kijito kimoja chenye maji safi, kilichowafurahisha baada ya matope mengi, Powell alikiita Bright Angel.

Kutengana

Tarehe 27 Agosti walifika mahali palipoonekana pabaya kuliko pote walipopita. Vijito viwili viliingia kutoka pande mbili na kuujaza mto mawe. Hapakuwa na njia ya kubeba mizigo wala ya kushusha mashua kwa kamba hadi chini. Jioni Oramel Howland alimwendea Powell akamwambia kwamba yeye, Seneca na Dunn wameamua kuuacha mto na kupanda kuelekea makazi ya Wamormoni upande wa kaskazini. Powell hakulala usiku huo. Alipiga hesabu ya mahali walipo na kuona kwamba mwisho wa korongo hauko mbali, lakini alikuwa na chakula cha siku chache tu, na hesabu ya jangwa lililo juu ya kuta hakuwa nayo.

Asubuhi ya tarehe 28 waliagana. Watatu walipewa bunduki na mikate, pamoja na sehemu ya kumbukumbu za safari na barua ya Powell kwa mke wake. Kila upande uliamini kwamba upande mwingine unaelekea kufa. Mashua Emma Dean iliachwa kwa kuwa watu hawakutosha, na sita waliobaki wakajitupa majini kwa mashua mbili. Wakapita. Walifyatua bunduki kuwaashiria wenzao wafuate, wakangoja kwa muda, lakini hakuna aliyerudi. Kesho yake walitoka nje ya Grand Canyon, na tarehe 30 Agosti, kwenye mdomo wa mto Virgin, waliwakuta Wamormoni wakivua samaki kwa wavu. Wamormoni hao walikuwa wameagizwa waangalie kama mto utaleta vipande vya mashua au maiti.

Ndugu wawili Howland na Dunn hawakufika popote. Habari ya kwanza ilisema waliuawa na Washivwits, tawi la Wapaiute. Mwaka 1870 Powell, akiongozana na Mmormoni Jacob Hamblin kama mkalimani, alikutana na Washivwits, na kwa maelezo yake walikiri kuwaua kwa kudhani kuwa ni wachimba madini waliomuua mwanamke wao. Powell hakudai kisasi; alikaa nao kwa amani. Hata hivyo mazungumzo yalipitia kwa mkalimani mmoja tu, na katika karne ya 20 ilijitokeza barua ya mwaka 1883 iliyowafanya baadhi ya watafiti kushuku kwamba wauaji walikuwa Wamormoni. Miili haikupatikana, na suala hilo halijaamuliwa.

Safari ya pili

Safari ya kwanza ilimfanya Powell maarufu, lakini sehemu kubwa ya vipimo ilikuwa imepotea majini au pamoja na wale watatu. Safari hii Bunge lilitoa dola 10,000, na tarehe 22 Mei 1871 aliondoka tena Green River na mashua tatu. Mipango inaonyesha alichojifunza. Badala ya kubeba chakula cha miezi kumi, alikuwa ametafuta mapema, kwa kusafiri nchi kavu pamoja na Hamblin, mahali ambapo farasi wangeweza kufikisha vyakula mtoni. Kila mtu alipewa jaketi la kuelea. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mashua, akaona mto kwa mbali zaidi.

Kazi ya ramani iliendeshwa hasa na shemeji yake, Almon Harris Thompson, maana Powell aliuacha msafara mara kwa mara kwenda kwa familia, ambako binti yake Mary alizaliwa Septemba 1871, au kwenda Washington kutafuta fedha. Mpiga picha Jack Hillers, aliyeanza kama mpiga makasia, alileta baadhi ya picha za kwanza za makorongo hayo. Mwaka 1872 maji yalikuwa juu mno, na mwezi Septemba Powell aliamua kukomea kwenye mdomo wa Kanab Creek, katikati ya Grand Canyon. Hakupoteza mtu hata mmoja. Kikosi cha Thompson kiliutambua mto Escalante na kupita katika Milima Henry, ambavyo huhesabiwa kuwa mto wa mwisho na safu ya mwisho ya milima kuingizwa katika ramani ya Marekani bara.

Kitabu chake juu ya safari kilitoka mwaka 1875 na bado husomwa. Msomaji anapaswa kujua kwamba Powell alichanganya humo matukio ya miaka yote miwili na kuyasimulia kana kwamba yote yalitokea 1869, tena bila kuwataja watu wa safari ya pili. Hata kisa mashuhuri cha Bradley kumwokoa Powell aliyening'inia kwenye mwamba, kwa kuvua suruali yake ya ndani na kumteremshia kama kamba, kimewekwa mahali na tarehe tofauti na zile zilizo katika shajara ya Bradley.

Maji na ardhi kame

Mwaka 1878 Powell alitoa taarifa juu ya nchi kame za Marekani. Alieleza kwamba magharibi ya longitudo ya 100 mvua kwa kawaida haifiki milimita 500 kwa mwaka, kwa hiyo sheria ya kumgawia kila mkulima ekari 160 haikufaa huko: shamba la kumwagilia lilihitaji ekari 80 tu, na ranchi ya mifugo ekari 2,560. Alitaka pia mipaka ya utawala ifuate mabonde ya mito badala ya mistari iliyochorwa ofisini.

Mwaka 1881 alichukua uongozi wa Idara ya Jiolojia kutoka kwa Clarence King, akaanzisha kazi ya kutengeneza ramani za vimo za nchi nzima. Mwaka 1888 alipewa jukumu la kupima maeneo ya umwagiliaji, na ugawaji wa ardhi ukasimamishwa kungoja vipimo vyake. Maseneta wa magharibi walikasirika, na mwaka 1890 walimkatia fedha. Mwaka 1893, katika kongamano la umwagiliaji mjini Los Angeles, aliwaambia wajumbe kwamba maji yaliyopo hayatoshi kwa ardhi yote wanayotaka kulima, wakamzomea. Mwaka uliofuata alijiuzulu.

Lugha na mila

Tangu mwaka 1879 hadi kifo chake aliongoza ofisi ya etnolojia chini ya Smithsonian. Wapaiute walimwita Kapurats, yaani mtu aliyekatwa mkono. Uainishaji wa mwaka 1891 ulizigawa lugha asilia za kaskazini ya Meksiko katika familia 58. Umerekebishwa sana, lakini ndio ulioweka msingi wa kazi zilizofuata. Upande mwingine, Powell aliamini kama wasomi wengi wa zama zake kwamba jamii zote hupanda ngazi moja kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na kwamba wenyeji wanapaswa kuacha njia zao. Nadharia hiyo imeachwa na wanaanthropolojia.

Kifo na kumbukumbu

Powell alifariki Haven, Maine, tarehe 23 Septemba 1902, akazikwa katika makaburi ya Arlington.

Ziwa la bwawa la Glen Canyon, lililoanza kujaa mwaka 1963, liliitwa Lake Powell. Lilifunika sehemu tulivu na nzuri kuliko zote alizopita. Siku hizi anayetaka kuteremka Grand Canyon kwa mashua yake hupata kibali kwa bahati nasibu ya idara ya hifadhi za taifa. Hutumia zaidi mashua za mpira, na huenda na ramani inayotaja kila poromoko.

Mnara wa kumbukumbu ya msafara ulizinduliwa mwaka 1918 kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon. Majina ya ndugu Howland na Dunn hayakuandikwa juu yake. Poromoko walipoagana, Separation Rapid, lilifunikwa na maji ya bwawa la Hoover katika miaka ya 1930, na bamba la kuwakumbuka hao watatu liliwekwa baadaye kwenye mwamba ulio juu yake.